Betri Iliyonyweshwa Kombe

Shemeji yangu Zéphirin alikuwa hawezi kupita karibu na gari bila kulinusa. Wanaume wengine wakiona gari hupiga teke tairi, husifu rangi, huuliza mwenyewe ni nani. Yeye aliinama penye boneti, akafumba macho na kuvuta pumzi kama mama anayeonja mchuzi, kisha akakuambia mpira umeshika joto, au mafuta yanavuja mahali fulani. Nilimcheka kwa hilo miaka mingi, na sioni aibu, maana mume wa dada ni wa kuchekwa. Lakini pua ile ndiyo iliyompatia dada yangu Marcelline, na anayetaka kunibishia aje nyumbani kwangu tubishane.

Zéphirin alizaliwa kando ya mji wa Kasongo, kwenye familia ya wakulima Wakristo. Alisoma kwa mapadri kidogo, akatoka akiwa na Kifaransa cha kusomea maandishi ya kwenye makopo ya mafuta. Ujana ulipomjia akaenda upande wa Salamabila kutafuta kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Wenzake walipewa sururu na koleo. Yeye akawekwa karakana, chini ya fundi mmoja mkali wa mambo ya umeme, mtu wa Katanga. Fundi huyo alimpiga makofi ya kisogo kila alipomkuta anabahatisha. Moto wa gari, yaani umeme wake, una njia yake, alimwambia, na njia hiyo unaifuata kwa mkono tangu mwanzo mpaka mwisho, huruki hata hatua moja.

Aliporudi Kasongo, miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wametukalia kichwani, Mzee Faradji alimchukua awe dereva wake na fundi wake. Mzee Faradji alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa pale mjini, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya upole. Alinunua mchele vijijini, samaki wakavu wa Nyangwe, na chumvi, akavisafirisha kwa kamioneti yake hadi kwetu Kabambare. Abiria walipanda juu ya magunia. Mwenye heshima zake alikaa mbele, kando ya dereva.

Kamioneti yenyewe ilitengenezwa kabla ya vita. Alikuwa nayo Mgiriki mmoja, naye alipotaka kurudi kwao akamwachia Mzee Faradji, nadhani kwa furaha kubwa. Gari lile na dada yangu walikuwa karibu rika moja, ila dada yangu hakuwa akitoa moshi. Taa ya kulia ikiwaka, ya kushoto ilizimika. Honi ililia yenyewe kwenye kona, halafu mbele ya mbuzi ikanyamaza. Asubuhi gari halikuamka mpaka lisukumwe na watu wote wa mtaa. Na betri, nisikilizeni hapa, haikuwa mbele chini ya boneti. Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao chini ya sakafu, pale pale abiria wa mbele anapoweka miguu.

Siku moja abiria huyo alikuwa baba yangu.

Baba yetu, Célestin, alilima mpunga na karanga Kabambare, na kwenye safari alipenda kuvaa viatu. Alikuwa Kasongo kwenye msiba wa ndugu, akapewa nafasi ya mbele kurudi nyumbani. Katikati ya njia akaona mguu unapata joto. Akadhani ni jua. Kisha moshi mweusi ukapanda kati ya magoti yake, ukimnukia mpira na nywele. Baba hakungoja gari lisimame. Aliruka, akatua kwenye shamba la mihogo la watu asiowajua, soli ya kiatu kimoja imeyeyuka. Zéphirin akang'oa mbao za sakafu, akautenganisha waya na betri kwa mikono mitupu, akauzima moto kwa mchanga. Mikono ilimtoka malengelenge. Hakuna aliyemshukuru. Baba alimaliza safari kwa miguu, kiatu kimoja mkononi, na kila kijiji alichopita aliwasimulia watu. Kabla hajafika nyumbani, gari lilikuwa limeshapata jina: Choma-Miguu.

Zéphirin hakuwa dereva tu machoni pa baba. Alikuwa ameshaonana na Marcelline sokoni, ameshamletea sabuni na kitambaa, na dada yangu alikuwa ameshaanza kufagia kiwanja mara mbili kila waliposema kamioneti inakuja. Mjomba wa Zéphirin, Jean-Marie, alikuwa anajiandaa kuleta posa. Basi alikuja, masikini, akiendesha baiskeli, na mbuzi wa kwanza wakiongozwa nyuma. Mimi na Marcelline tulikaa nyuma ya ukuta, masikio wazi.

Baba alimpa kiti, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Muzee Jean-Marie, mbuzi yako ni mizuri. Lakini mutoto yangu haiko mbuzi ya kuchoma."

"Célestin, ndugu yangu, ile ilikuwa bahati mubaya."

"Bahati mubaya inavaa kiatu yangu? Sikia. Zéphirin ni mutu ya gari. Kama anaoa, atamupandisha muke yake mule ndani, na watoto pia. Basi ile gari yenyewe ikuje hapa toka Kasongo, na wazee ya kwenu ndani, na mutu mumoja akae pale nilikaa mimi. Moshi isipotoka, Marcelline ni wenu. Moshi ikitoka, hata kidogo, mubebe mbuzi yenu murudie kwa miguu, na maneno ya ndoa imekufa."

Jean-Marie akashika kichwa. Marcelline alinifinya mkono mpaka nikataka kulia. "Emilienne," akaniambia kwa kunong'ona, "mimi nitaolewa na ule tu. Hata akichoma nyumba." Lakini alijua, na mimi nilijua, kwamba baba yetu akishasema neno mbele ya wageni halirudi mdomoni.

Yaliyofuata Kasongo sikuyaona kwa macho. Ila nimesimuliwa na Zéphirin mwenyewe mara nyingi kiasi kwamba akikosea namsahihisha.

Alianza kama alivyofundishwa, mwanzo hadi mwisho. Alitoa waya zote za gari. Pale palipotakiwa kuwa na kile kipande chembamba ambacho hukatika kabla waya haujaungua, alikuta msumari. Dereva aliyemtangulia aliona kipande kinakatika ovyo, akaweka kitu kisichokatika. Zéphirin alitukana peke yake kwa lugha tatu. Aliutupa msumari, akaweka kipande cha haki, akaweka waya mpya, akauvika mipira ya ndani ya baiskeli kila palipogusa chuma. Taa zikawaka zote mbili. Honi ikalia ilipobonyezwa na ikanyamaza ilipoachwa. Alifurahi, akatuma habari kwamba wazee wajiandae.

Kabla ya safari akafungua sakafu kuangalia mara ya mwisho. Waya mpya uliotoka kwenye betri ulikuwa umeliwa. Mpira wake umekuwa kama uji, na shaba iko uchi, nywele moja tu kutoka kwenye chuma cha gari.

Akabadilisha tena, na baada ya siku chache ukaliwa tena. Alidhani ni panya, akatega mtego, panya hakuonekana. Watu wa mjini wakamwambia kuna mtu ana wivu naye, hataki aoe, aende kwa mganga. Alikuwa karibu kuwaamini, alikiri hivyo kwangu mwenyewe. Kila akimfikiria Marcelline akiwa amekaa juu ya sanduku lile, alijiuliza kama baba hakuwa amesema kweli.

Ndipo akapiga magoti, akaingiza pua ndani ya sanduku, akanusa. Betri iliyochemka inanuka vibaya, kila fundi anaijua harufu hiyo. Lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, tamu kabisa. Marashi ya waridi! Wazo la kwanza, mjinga yule, ni kwamba kuna mwanamke alikaa pale na chupa yake ikavuja. Akaangalia vizuri, akaona kwenye mbao mchirizi wa rangi ya manjano, umeanzia kwenye vifuniko vya betri na kushuka mpaka kwenye waya.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alimwona. Mzee Faradji alikuja peke yake na birika ndogo, akainua mbao za sakafu kwa uangalifu, akafungua vifuniko vya betri kimoja kimoja. "Bismillahi," akasema, akamimina mpaka kila tundu likafurika.

Lilikuwa kombe. Waislamu wa Kasongo wanalijua tangu zamani: mwalimu anaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani na marashi, kisha anaisuuza kwa maji, na mgonjwa anakunywa maji hayo apone. Mzee aliona gari lake linaumwa. Alilipenda. Akalitafutia dawa aliyoiamini.

Zéphirin akaelewa yote hapo hapo. Betri huhitaji maji, ni kweli, lakini maji safi ya mvua, tena kidogo. Ikijazwa mpaka juu, gari likitembea inachemka na kumwaga, na maji yake makali yanakula mpira wa waya. Waya ukiwa uchi, gari likiruka kwenye shimo, shaba inagusa chuma. Hapo ndipo moto unapozaliwa.

Kuelewa kulikuwa rahisi. Kusema je? Kijana Mkristo amwambie mzee Mwislamu, tajiri wake, kwamba aya zake zinachoma abiria? Neno moja likikaa vibaya, mji mzima ungesema ametukana dini, na angepoteza kazi, gari na mke kwa siku moja. Kwa hiyo hakwenda kwa Mzee. Alikwenda kwa mwandishi wa kombe, Mwalimu Moustapha, akamkuta barazani na watoto wa chuo cha Kurani wameshaondoka.

"Mwalimu," alisema, "naomba kuuliza. Kombe ni ya nani?"

"Ni ya mugonjwa. Anakunywa, Mungu anamusaidia. Kwa nini? Mugonjwa ya Muzee Faradji amekufa?"

"Hapana, Mwalimu. Hajakufa."

"Namuandikia kila juma. Muzee ananiambia: mugonjwa yangu asubuhi hana nguvu ya kuamuka, mpaka watu wamusukume. Akishaamuka, kifua inapiga kelele. Njiani anakohoa. Nikasema, masikini, ni mama yake huyu."

"Mwalimu, munisamehe. Mugonjwa ni batri ya kamioneti."

Mwalimu Moustapha alimtazama. Alitazama sahani yake nyeupe. Kisha akacheka, akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akaiokota, akacheka tena. Alipopata pumzi akavaa kanzu yake nzuri na kumshika Zéphirin mkono. "Tuende wote," akasema. "Hii maneno ni yangu mimi kuisema."

Akaisema, na akaisema vizuri. Alimwambia Mzee Faradji kwamba kombe huandikwa kwa ajili ya mtu, mwenye kinywa na roho, na kwamba chuma kina dawa yake kama mtu alivyo na yake. Mzee alijitetea kidogo: "Lakini siku ya kwanza niliitia, gari iliamuka!" Zéphirin akamwambia kwa heshima kwamba siku ile betri ilikuwa kavu kweli, maji yoyote yangeiamsha. Halafu akainua mbao, akamwonyesha waya ulivyoliwa, na mchirizi wa manjano, na mahali chuma kilipoungua.

Mzee aliinama, akagusa mahali chuma kilipoungua.

"Basi ni mimi nilichoma mukwe yako," akasema.

"Muzee, hamukujua."

"Sikujua. Sasa najua. Safari ya posa, pale Célestin alikaa, nitakaa mimi."

Kombe la Ijumaa ile lilikuwa bado nusu kwenye birika, na Mwalimu akasema halitupwi. Mzee akamnyoshea Zéphirin: wewe ndiye unayeshika usukani, kunywa wewe. Shemeji yangu, mtoto wa mapadri, akanywa. Baba hakuambiwa habari hiyo mpaka alipokuwa na wajukuu wawili.

Mzee Faradji aliagiza betri mpya kutoka Kindu, maana ya zamani ilikuwa imekufa kabisa. Zéphirin akatengeneza sanduku jingine lenye mfuniko, akalipaka lami ndani, akaupitisha waya upande ambao maji hayawezi kuufikia hata yakimwagika. Maji ya mvua aliyakinga kwenye bakuli la udongo, mbali na bati la nyumba, akayaweka kwenye chupa. Chupa hiyo Mzee alikatazwa kuigusa, na alikubali kama mtoto.

Walitoka Kasongo asubuhi. Jean-Marie na wazee wengine nyuma, juu ya magunia, Mzee Faradji mbele. Kabla gari halijaondoka, Mzee alivua makubazi yake akaweka nyayo tupu juu ya mbao, ili joto likija alijue kabla ya mtu yeyote. Alisafiri hivyo njia nzima. Kila kijiji watu walitoka kuitazama Choma-Miguu, wengine wakakimbia nyuma yake wakitumaini kuona moshi. Hawakuona kitu. Kwenye mashimo taa hazikutikisika, na kila penye mbuzi honi ililia.

Kwetu watu walikuwa wamejaa tangu mchana. Baba alisimama katikati ya kiwanja, mikono nyuma. Mama na mashangazi walikuwa wamemficha Marcelline chumbani kama desturi inavyotaka: bibi arusi haonekani na wazee wa upande wa pili mpaka wakae, wanywe maji, waite. Mimi nilikuwa mlangoni nikimtangazia. Nilisikia honi kwanza. Kisha nikaliona, likipanda mlima ule wa mwisho kabla ya nyumba yetu, mlima ambao hata ng'ombe wanaulalamikia, limejaa wazee na magunia. Roho yangu ikapaa.

Likaingia kiwanjani. Na kutoka kwenye pua yake ukatoka moshi mweupe.

"Moshi!" watu wakapiga kelele. "Moshi! Moshi!"

Baba akainua mkono. Zéphirin akaruka chini, uso wake nitaukumbuka mpaka nife.

"Baba, hii haiko moshi! Ni maji ya mashini. Imepanda mulima na wazee, maji imechemuka!"

"Nilisema moshi, hata kidogo. Macho yangu inaona nini?"

"Niko hapa!" Mzee Faradji alipiga kelele toka ndani, akiinua miguu yake tupu dirishani mmoja baada ya mwingine. "Célestin, angalia! Miguu ni mizima!"

"Muzee, gari ni yako. Utasema nini ingine?"

Jean-Marie akaanza kufoka, wajomba zetu wakamjibu, watu wakagawanyika, hawa moshi, hawa maji. Wazee wa Kasongo wakaanza kushuka na kutafuta fimbo zao kama watu wanaojiandaa kurudi kwa miguu. Nikageuka kumwambia dada yangu, na dada yangu hakuwepo chumbani. Alikuwa amenipita. Shangazi alishika kitambaa chake cha kichwa, kikabaki mkononi mwa shangazi.

Marcelline alitoka mbele ya wote, kichwa wazi, bila kuitwa na mtu. Kelele zikakatika. Hakumtazama Zéphirin. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya gari, akanyosha kiganja juu ya ule weupe na kukiacha pale. Ulikuwa wa moto, nilimwona anauma meno. Kisha akaenda kwa baba, akashika mkono wake wa kuume, akaweka kiganja chake ndani yake.

"Baba," akasema, "moshi inalowesha mukono?"

Baba akatazama mkono wake. Ulikuwa umelowa. Tone moja lilishuka kwenye kidole, likadondoka vumbini, na sisi wote tukaliona. Akaunusa mkono. Akausugua kifuani kwake, kwenye shati jeupe, na shati likashika maji, bila alama nyingine.

"Nilisema moshi," akawaambia watu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hii ni maji. Marcelline ni wao."

Mimi ndiye niliyepiga vigelegele vya kwanza, na sikuacha mpaka sauti ikakatika. Mama alinipokea, na mashangazi wote, hata yule mwenye kitambaa mkononi. Wazee wakatupa fimbo. Zéphirin alikuwa amekaa chini kando ya gurudumu, mikono yake yenye makovu usoni, akilia waziwazi mbele ya wakwe zake. Marcelline akaenda akasimama mbele yake, bado kichwa wazi, akamwambia ainuke kwa sababu wageni hawajapewa maji.